Ukoko wa Mitamboni (4): Moto Mdogo, Mwendo Mkali

Tangu Dubai itangaze mradi wa mahandaki ya majitaka wa dirhamu bilioni 80, ndugu zetu walioko kwenye kambi za wafanyakazi za Muhaisnah, pale Sonapur, wananiuliza: je, magari ya kunyonya majitaka yatakwisha? Wana haki ya kuuliza. Mwaka 2008 magari hayo yalipanga foleni ndefu kwenye mtambo wa majitaka wa Al Awir, na baadhi ya madereva wakamwaga mzigo kwenye mifereji ya mvua. Lakini handaki ni nusu tu ya kazi. Tope likishafika mtamboni hupashwa joto hadi nyuzi 35 au zaidi kidogo ili bakteria watoe gesi, na hapo ndipo ukoko, yaani tope lililogandamana ukutani, huzaliwa.

Kibadilishajoto, yaani chombo kinachopasha tope kwa maji ya moto bila kuvichanganya, nilikwisha kukieleza. Leo namleta mtu ninayemheshimu kuliko wahandisi wote, Norbert Rillieux.

Alizaliwa New Orleans mwaka 1806, mama yake akiwa Mwafrika Mmarekani. Akasomeshwa Paris. Zama hizo watumwa wa Louisiana walichota maji ya miwa yanayochemka kwa upawa, kutoka sufuria hadi sufuria, wakiungua mikono, na sukari ikiungua nao. Kwetu bonde la Pangani, watumwa waliteseka vivyo hivyo mbele ya masufuria ya wazi. Rillieux, kwa hataza za 1843 na 1846, alifunga sufuria, akapunguza shinikizo la hewa ndani yake ili maji yachemke kwa joto dogo, kisha mvuke wa chombo kimoja ukachemsha kingine. Sukari haikuungua tena. Viwanda vya sukari vya leo, Kilombero vikiwamo, vinafuata kanuni hiyohiyo.

Msikilizeni pia kwa hili: aliupa mji wake mpango wa kukausha mabwawa ili kuzuia homa ya manjano. Ukakataliwa. Mji uliokula sukari yake haukutaka kusafishwa na mtu mwenye damu ya Kiafrika. Akarudi Ufaransa, akafia Paris mwaka 1894.

Basi somo lake ndilo la mpishi wa uji: moto mdogo, mwiko usisimame. Mtamboni, maji ya kupashia tope yasizidi nyuzi 70 hivi, maana tope likigusa ukuta wa moto zaidi huokwa likagandamana. Tope lenyewe lisukumwe mita 1 hadi 2 kwa sekunde. Kwenye kibadilishajoto cha mzingo njia ni moja tu. Uchafu ukianza kuibana, mwendo hapo huongezeka na kuukwangua. Mwenye mtambo anayepunguza mwendo wa pampu abane umeme anamtwika fundi wa kukwangua gharama hiyo, na fundi huyo mara nyingi ni wa kambini.

Wasomaji wa Muhaisnah mnaosafisha mitambo hii, niandikieni: mnaifungua kila baada ya miezi mingapi, na pampu huwa inakwenda kasi gani?