Hamu Ikipotea Baada ya Kuanza Dawa

(MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

Leo tunagusa jambo ambalo wengi hulinyamazia. Mama anaanza dawa za hospitali, na baada ya wiki kadhaa hana tena hamu ya tendo la ndoa. Mume anadhani kuna mwanaume mwingine. Mama naye anadhani amerogwa, au anaacha kumeza vidonge bila kumwambia mtu. Kumbe sababu huenda iko kwenye ile bahasha ya dawa.

Tuanze na dawa za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Fluoksetini huongeza kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Hiyo husaidia kutuliza moyo, lakini inaweza pia kupunguza hamu, au kumfanya mwanamke achelewe kufika kileleni. Ila tukumbuke, sonona yenyewe huua hamu. Kwa hiyo jiulize: hamu ilipotea kabla ya dawa au baada yake?

Kundi la pili ni haloperidoli na risperidoni, wanazopewa watu wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Dawa hizi zinaweza kupandisha prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa ya mama. Ikizidi, hedhi inaweza kukata, maziwa yakatoka kwa mtu asiyenyonyesha, na hamu ikashuka.

Na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3? Wanawake wengi hawaoni tofauti. Wachache husema hamu imepungua.

Pia si kila kitu ni dawa. Uchovu, upungufu wa damu, kunyonyesha, hofu na kumbukumbu za ukatili tuliokimbia, vyote hupunguza hamu.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa ufanye nini? Kwanza, usiache dawa ghafla. Ukikatisha fluoksetini ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, na ugonjwa kurudi. Ukiacha sindano bila njia nyingine, unaweza kupata mimba.

Pili, nenda kituo cha afya na dawa zako zote. Sema hivi: "Tangu nianze dawa hii, hamu yangu ya tendo la ndoa imepungua." Inatosha. Tabibu anaweza kukuambia usubiri kidogo, akapunguza dozi au akabadilisha dawa. Ukitaka muuguzi mwanamke, omba. Kama mkalimani ni jirani yako na unaona aibu, omba mwingine. Hiyo ni haki yako.

Nanyi akina baba: mke kukosa hamu si kwamba amekukataa. Usimlazimishe, wala usimnyang'anye dawa. Msindikize kliniki. Dawa inaweza kubadilishwa, lakini nyumba iliyovunjwa na shutuma ni ngumu kuijenga upya.

Mwambie na jirani.

(MUZIKI WA KUFUNGA)