KISU CHA BABU

Kisu cha kukunja kilichorithiwa hakipimwi kwa bei ya dukani. Bapa lake limekonda kwa miaka mingi ya kinoo. Mpini wake wa pembe umelainishwa na kiganja cha mtu ambaye sasa yu kaburini. Mjukuu akishikapo, hushika pale pale aliposhika babu.

Ndiyo maana twakisikitikia kile kisanduku cha vitu vilivyozuiwa penye ukaguzi wa viwanja vya ndege. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani ilikataza visu vya mfukoni katika chumba cha abiria. Machi 2013 ilitangaza kuwa ingeruhusu vilivyo vidogo, vyenye bapa lisilozidi sentimita 6. Wahudumu wa ndege wakapinga vikali, na Juni mwaka huo huo mpango ukaachwa. Hatuwalaumu: wao ndio wafungiwao angani pamoja na kila aina ya abiria.

Lakini kisu hicho hicho, kikifungwa vema, chaweza kusafiri katika mizigo ya chini. Basi abiria aliyesahau apewe nafasi ya kurudi kukiweka humo, au kumkabidhi jamaa aliyemsindikiza, kabla hakijatupwa kisandukuni.