Pazia na Ngao Chini ya Gari

Mwenye gari aghalabu huujua ubavu wa gari lake kama aujuavyo uso wa mwanawe: mkwaruzo mdogo kama ukucha mlangoni humnyima usingizi, na bampa likipata ufa humtafuta mpiga rangi kabla jua halijachwa, walakini tumbo la gari, ambalo ndilo hupokea kokoto, matope na matuta siku zote, halitazami mpaka lipige kelele. Hali hiyo ndiyo iliyomleta kwangu mzee mmoja, wakati wa masika, na SUV yake iliyotoka shamba upande wa Pangani. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, gari inaburuta kitu. Nimeifunga waya njiani, bado inalia." Nilipolala juu ya mkeka na kumulika, nikaona kava pana la plastiki nyeusi limening'inia pembe moja, waya umepitishwa juu ya bomba la moshi ili kulishikilia, na pale plastiki ilipogusana na bomba imeyeyuka, ikaganda matone matone kama nta ya mshumaa.

Vitu vinavyofunika chini ya gari ni vya jinsi mbili, na kwa kuwa watu huviita kwa jina moja, hasara nyingi huanzia hapo. Cha kwanza ni kava la plastiki, au la kitambaa kigumu kilichoshindiliwa, linalotandwa chini ya injini na pengine chini ya sakafu: hilo ni pazia. Kazi yake ni kuzuia maji na tope yasirukie mikanda na alteneta, kupunguza kelele, kuupitisha upepo kwa ulaini ili mafuta yasiliwe bure, na katika magari mengi kuuongoza upepo huo upite ndani ya rejeta badala ya kuikwepa. Cha pili ni bamba la chuma au aluminiamu lililokazwa kwenye chesisi, au kwenye mhimili unaobeba injini, ili jiwe likipanda lisiifikie sampo ya oili wala gia boksi: hiyo ndiyo ngao. Gari lililojengwa juu ya chesisi, kama Land Cruiser, lina mahali imara pa kuifungia. Ilhali SUV nyingi za leo, kama RAV4, bodi yake na sakafu yake ni kitu kimoja, na chini ya injini aghalabu hutoka kiwandani na pazia tu. Mwenye kupanda mawe kwa kulitegemea pazia ni kama aliyejikinga mishale kwa kanga.

Kabla ya kukitupa kilichovunjika, yafaa kukisoma, maana jeraha lina habari zake. Kava lililopasuka ukingo wa mbele limegonga tuta, au limeingia dimbwi kwa kasi, kwani maji yakisukumwa kwa mwendo huwa na nguvu za kung'oa. Lakini kava zima ambalo matundu yake tu yametanuka halikugonga chochote, bali mtu alilifungua kumwaga oili, akalirudisha kwa klipu nne mahali pa kumi, na upepo ukaimalizia kazi yake. Oili iliyotuama juu ya kava ni salamu kutoka kwenye sili inayovuja, na kava jipya likifungwa bila kuitafuta sili hiyo litakuwa limeificha aibu, halikuiondoa. Na bamba la chuma likiwa limebonyea, usiridhike kwa kulinyoosha kwa nyundo: tazama sampo iliyo juu yake, na mhimili uliolibeba, usije ukawa umepinda pamoja nalo.

Kazi yenyewe ni sahala, ila hatari yake si ndogo. Gari lisimame pahali sawa, magurudumu yakingwe kwa magogo, nalo likalie stendi za chuma, wala si jeki peke yake, kwani jeki ni ya kuinulia na wala si ya kutegemewa na mtu aliyelala chini. Bomba la moshi liachwe lipoe kwanza. Boliti nyingi za kava huhitaji spana namba 10, nazo kwenye miji ya pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, huwa zimeshikana na kutu. Aliye na haraka huzikata vichwa, akageuza kazi ya nusu saa kuwa ya siku nzima. Zinyunyizwe mafuta ya kulegezea, zingojwe, zizungushwe nyuma na mbele kidogo kidogo. Klipu zilizochoka zisirudishwe, na kava jipya lishikizwe kwanza kwa boliti zote zikiwa legelege, lipate kukaa sawa, ndipo zikazwe, tena kwa kiasi, maana plastiki iliyobanwa kupita kadiri huanza kupasuka tunduni.

Waya niliokwisha kuutaja haufai ila kumfikisha mtu nyumbani. Hukata plastiki kama msumeno kila gari linapotikisika, na ukililegeza kava likaegemea bomba la moto, huwa umewasha jiko chini ya miguu ya abiria. Hatari hiyo hiyo ipo wakati wa kiangazi, gari likipita kwenye majani makavu: nyasi hujikusanya juu ya kava na bamba, karibu na bomba la moshi, hata cheche isihitajike. Hadhari yake ni kuinama na kuzitoa.

Mzee alisikiliza yote haya akiwa ameketi juu ya ndoo, kisha akauliza kama isingekuwa bora kumfungia chuma, yaishe. Nikamjibu kwamba bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na ukubwa wa mita moja ya mraba lina uzito wa takriban kilo 24, na la aluminiamu kiasi cha theluthi yake; kwamba aluminiamu ikikutana na chuma penye chumvi huliwa, isipotengwa kwa rangi au washa za mpira; kwamba bamba lisilo na matundu huzuia hewa na kuhifadhi tope; na kwamba, zaidi ya hayo, gari lake halikugonga jiwe hata moja. Boliti mbili hazikuwamo na klipu sita zilikuwa zimeanguka tangu alipobadilishiwa oili. Alihitaji pazia jipya, lililofungwa kwa vifungo vyake vyote.

Tulipomaliza zilibaki klipu tatu. Akaziomba, akazifunga kwenye pembe ya leso, na ule waya akauacha juu ya ndoo.