Gawanya, Halafu Uliza: Baki Inaenda Wapi?

Vijana wenzangu, kikokotoo cha simu kinagawanya tu. Kuitafsiri baki ni kazi yako.

Una mayai 500 na trei inabeba 30. Unapata 16, baki 20. Mnunuzi anataka trei zilizojaa? Unamuuzia 16. Unabeba mzigo wote? Andaa 17. Ya kumpelekea mama ntilie ni mangapi? 20. Hesabu moja, majibu matatu.

Kwenye dawa ndiko kuna hatari. Shamba linahitaji lita 250 za mchanganyiko, bomba lako ni la lita 20. Hayo ni mabomba 12, baki lita 10. Wengi ninaowatembelea, hilo la 13 wanaliwekea dawa ya bomba zima. Mchanganyiko unakuwa mkali mara mbili: mimea inaweza kuungua, na masalia ya dawa yakafika sokoni. Lebo ikisema mililita 40 kwa lita 20, lita 10 zinataka mililita 20 tu, basi.

Kwa hiyo kabla ya kupakia au kupulizia, jiulize: baki hii naiacha, naiongezea chombo, au naipimia kivyake?