Heroe Huzaliwa Wapi?

Maziwa ya magadi yaliyotandaa katika Bonde la Ufa, kuanzia Bogoria na Nakuru nchini Kenya hadi Natron na Manyara nchini Tanzania, yamepata sifa ulimwenguni kwa sababu ya ndege mmoja. Ndege huyo ni heroe, ambaye wengi siku hizi humwita flamingo. Mtu akilitazama ziwa mojawapo kutoka kilimani, siku ambayo heroe ni wengi, huona ukingo wa maji kana kwamba umepakwa rangi ya waridi. Rangi hiyo ikianza kusogea ndipo anapotambua kuwa anatazama viumbe hai. Heroe wadogo wa Afrika ya Mashariki hukisiwa kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2.5, nao ndio sehemu kubwa ya heroe wadogo wote waliopo duniani.

Ndege wengi kiasi hicho hawawezi kujificha. Hata hivyo, hadi katikati ya karne ya 20 wataalamu hawakuwa na jibu kwa swali ambalo mwanafunzi wa darasa la kwanza angeweza kuliuliza: ndege hawa hutaga wapi? Wazazi walionekana mwaka baada ya mwaka. Vijana wao wenye manyoya ya kijivu nao walionekana, lakini walipoonekana walikuwa wamekwisha kujua kuruka. Mahali pa viota vyao vingi hapakujulikana.

Aliyelipatia swali hilo jibu hakuwa mwanazuolojia wa chuo kikuu wala mtumishi wa jumba la makumbusho. Alikuwa afisa wa kilimo aitwaye Leslie Brown, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufanya kazi nchini Nigeria kabla ya kuhamia Kenya katika miaka ya 1940. Mshahara wake ulitokana na mazao na udongo. Ndege alikwenda kuwatazama Jumapili, siku za sikukuu, na katika likizo yake. Katika michezo mtu wa namna hii huitwa mchezaji wa ridhaa, na neno hilo lafaa pia hapa, mradi lisidhaniwe kuwa na maana ya mtu anayefanya jambo ovyo.

Kwa hakika Brown hakufanya ovyo. Huko Embu aligundua kilima kimoja ambacho jozi kadhaa za tai wa aina mbalimbali walijenga viota vyao, akakirudia kilima hicho mara kwa mara kwa miaka mingi. Kila alipofika alichukua darubini na daftari, akaandika ni jozi ipi imetengeneza kiota, ipi ina yai, ipi imelea kinda hadi akaruka, na ipi imepumzika mwaka huo. Kazi kama hiyo haina msisimko mwingi; mara nyingi mtu hurudi nyumbani akiwa ameandika tu kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini ni kwa njia hiyo, wala si kwa kuona ndege wengi wapya kila safari, tai wa Afrika walivyoanza kujulikana maisha yao. Baadaye Brown aliandika vitabu juu ya tai ambavyo wataalamu wa kazi hiyo walivitegemea.

Kabla ya kumfuata ziwani, yafaa kueleza kidogo juu ya heroe mdogo mwenyewe, ambaye jina lake la kisayansi ni Phoeniconaias minor. Heroe huyu hula akiwa ameinamisha shingo, kichwa chake kikiwa juu chini, na mdomo wake huchuja maji. Ndani ya mdomo mna safu za vichujio vyembamba mno, na ulimi hufanya kazi ya pampu: huvuta maji ndani na kuyasukuma nje mara kadhaa kwa sekunde. Kinachobaki ni viumbe vidogo sana vya rangi ya kijani na buluu visivyoonekana kwa jicho tupu, ambavyo hustawi katika maji ya magadi. Rangi ya waridi ya manyoya hutokana na chakula hicho. Heroe mdogo hukisiwa kuhitaji gramu 60 hivi za chakula kikavu kwa siku. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe: ndege milioni moja huondoa ziwani tani 60 kila siku. Si ajabu basi kwamba hawakai mahali pamoja. Chakula kikipungua huhama, na mara nyingi huhama usiku. Mtazamaji aliyelala akiwa na mpango wa kuwapiga picha alfajiri huamka akakuta maji matupu.

Mwaka 1954 Brown alipita juu ya Ziwa Natron kwa eropleni. (Kiswahili huwaita wote wawili, kiumbe na chombo, kwa jina moja la ndege, hapa chombo kitaitwa eropleni ili msomaji asichanganyikiwe.) Natron liko kaskazini mwa Tanzania, mpakani na Kenya, chini ya mlima wa volkeno wa Ol Doinyo Lengai. Ni ziwa refu lakini lenye kina kifupi, na katika miezi ya kiangazi sehemu kubwa yake si maji bali ni gamba la magadi lililokauka juu ya matope. Huko katikati, mbali na kila ufuko, Brown aliona alichokitafuta: heroe waliokusanyika juu ya vichuguu vya matope. Vilikuwa viota.

Mtu mwingine angeridhika na kuona kutoka angani. Lakini kwa mtazamaji wa ndege, kilichoonwa kwa mbali na kwa kasi hakijathibitishwa. Mna mayai mangapi katika kiota? Makinda hulishwa vipi? Maswali hayo hayajibiwi na mtu anayepita kwa eropleni. Brown akapanga safari ya miguu. Aliacha kambi yake ufukoni, akaanza kulivuka gamba la magadi kuelekea kwenye viota.

Mahali pasipo mti wala jiwe jicho halina kipimo cha umbali, na mvuke wa joto huinua vitu vikaonekana karibu. Gamba lililoonekana gumu lilivunjika chini ya uzito wake, na kila hatua ilimzamisha katika matope yenye moto na harufu mbaya. Maji ya magadi yaliingia katika viatu vyake na chembe za magadi zikajaa humo, zikisugua na kuunguza ngozi kwa pamoja. Hatimaye ikambidi kugeuka bila kufika. Aliporudi ufukoni miguu yake ilikuwa imeungua na kujaa malengelenge. Alilazwa hospitali kwa majuma kadhaa, na madaktari walilazimika kupandikiza ngozi mpya mahali palipoungua. Alinusurika kwa shida.

Sababu ya majeraha hayo ni somo la kemia la kidato cha pili. Magadi ya Natron ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, chumvi ambazo maji ya mvua na chemchemi huziokota katika miamba na majivu ya volkeno. Ziwa halina mto wa kutokea. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na chumvi hubaki. Kipimo cha pH cha maji hayo hufika 10 na kupita. Kwa kuwa kila hatua moja katika kipimo hicho ni badiliko la mara kumi, maji ya pH 10 yana ayoni za hidrojeni chache mara elfu moja kuliko maji safi yenye pH 7. Alkali kali namna hiyo huyashambulia mafuta ya ngozi, kama sabuni kali inavyofanya, na joto huharakisha kazi hiyo. Heroe naye hana ngozi laini miguuni. Miguu yake mirefu imefunikwa na magamba magumu, na maji ya kunywa huyapata penye chemchemi zinazoingia ziwani.

Kwa hiyo kile kilichokaribia kumwua Brown ndicho ulinzi wa kinda. Fisi na mbweha hawawezi kupita mahali ambapo mtu mwenye viatu ameshindwa.

Brown alipopona aliendelea kulitazama ziwa kutoka angani. Hapa ndipo kamera inapoonyesha thamani yake, ambayo mara nyingi husahauliwa na wapigaji picha wanaotafuta uzuri tu. Jicho haliwezi kuhesabu ndege elfu kumi wanaotembea. Picha haitembei. Tuseme picha ya kundi imegawanywa katika miraba 100 iliyo sawa, ikachaguliwa kumi kwa bahati nasibu, na kila mmoja ukahesabiwa. Wastani ukiwa ndege 43, basi picha nzima ina ndege 4,300 hivi. Miraba isichaguliwe kwa kupendeza, maana mkono wa mhesabuji huvutwa kila mara na penye ndege wengi. Tena, penye viota lazima ikumbukwe kwamba heroe hutaga yai moja tu, na mzazi mmoja huatamia wakati mwenzake yuko mbali akila. Picha ya viota hivyo huonyesha kama nusu tu ya wazazi.

Nafasi ya kuwakaribia ilikuja bila kutazamiwa. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zilifurika Natron na kufunika sehemu za kutagia. Heroe wakahamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya, wakajenga huko jozi zipatazo milioni moja. Magadi si kama Natron: tangu miaka ya 1910 pana kiwanda cha magadi, barabara, na reli. Yale ambayo Brown hakuweza kuyaona mwaka 1954 sasa yalionekana kwa mtu aliyekaa katika kibanda cha kujificha, na pamoja na mpiga picha Alan Root alikusanya habari za kuatamia, za kulisha, na za makundi makubwa ya makinda yatembeayo pamoja. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1971.

Lakini Magadi halikuwa mahali pazuri pa kulea. Maji yalipopungua na chumvi kuzidi, magadi yalianza kuganda miguuni mwa makinda, yakawa mfano wa bangili zilizozidi kunenepa hadi kinda akashindwa kutembea. Watu waliingia ziwani, wakazivunja bangili hizo kwa nyundo, kinda mmoja baada ya mwingine, na kuwaongoza wengine kwenda penye maji yasiyo makali. Waliofunguliwa walikuwa makumi ya maelfu. Waliokufa nao walikuwa maelfu.

Brown alifariki mwaka 1980. Natron bado ndiyo mahali pekee katika Afrika ya Mashariki ambapo heroe wadogo hutaga kwa kawaida, na bonde lake liliorodheshwa mwaka 2001 chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Mpango wa kujenga kiwanda cha magadi huko ulizua ubishi mkali tangu mwaka 2006, na umezungumzwa tena baadaye. Kuna hofu nyingine ndogo ambayo wapenzi wa picha hawaipendi kuisikia: eropleni ikishuka mno juu ya viota, wazazi huruka kwa pamoja, na mayai hubaki katika jua ambalo matope yake hupita nyuzi 50 za Selsiasi. Picha nzuri ya heroe wakiruka kutoka viotani huenda ikawa picha ya mayai yanayoharibika.

Yapo mengi ambayo mtazamaji wa ridhaa anaweza kuyafanya bila kuyagusa matope ya Natron. Miaka ambayo heroe hutaga haifuati utaratibu. Yai huatamiwa siku 28, na kinda huhitaji siku 70 hivi au zaidi kabla ya kuruka. Kwa hiyo mwalimu wa Manyara au mwanafunzi wa Nakuru anayeandika katika daftari tarehe alipowaona kwa mara ya kwanza vijana wa kijivu wamefika na wazazi wao, amekwisha kuandika pia kwamba mayai yao yalitagwa si chini ya miezi mitatu kabla ya siku hiyo.