Usimwachishe mtoto dawa ya kuvuta ya pumu

Kama mwanao ana pumu na daktari amemwandikia dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, huenda umeshaambiwa mtaani: “Hiyo ni steroidi, itamharibia vinasaba.” Basi unaifungia kabatini, unabaki na ile pampu ya bluu ya salbutamol ya kumpa akibanwa.

Hebu tuingie kifuani. Katika pumu, njia za hewa huwa zimevimba hata siku ambazo mtoto anacheza vizuri. Seli za kinga zilizojazana pale humwaga kemikali kali, na kemikali hizo ndizo zinazojeruhi vinasaba vya seli za jirani. Mwili una vimeng’enya vya kukarabati majeraha hayo, lakini uvimbe usipotulia, kazi haiishi. Steroidi huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuzima vinasaba vinavyochochea uvimbe. Inazima tu, haiandiki upya. Pampu ya bluu hutanua njia ya hewa kwa saa chache, uvimbe hauugusi.

Woga wako una sababu, ila umeelekezwa kwenye dawa isiyo yenyewe. Wa kuogopwa ni vidonge vya prednisolone vinapomezwa kwa miezi au miaka: mifupa hudhoofika, sukari na presha hupanda, mtoto wa jicho huanza. Kidonge cha miligramu 5 ni maikrogramu 5,000. Mpulizo mmoja wa beclometasone mara nyingi ni 50 au 100. Na ukiiacha dawa ya kuvuta, mtoto akabanwa vibaya, hospitali atapewa vidonge vilevile unavyovikimbia.

Madhara ya dawa ya kuvuta yapo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba waliotumia budesonide utotoni kwa miaka minne hadi sita walikuwa wafupi ukubwani kwa wastani wa sentimita 1.2. Binafsi naona ni gharama ndogo kuliko usiku mmoja wa kuhangaika na oksijeni. Fangasi mdomoni nao hutokea, kwa hiyo akishavuta asukutue maji na kuyatema.

Kama ameshameza vidonge kwa wiki kadhaa, usivikatishe ghafla. Tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, zinahitaji muda kuamka. Mwache daktari apunguze dozi kidogo kidogo.