WATU WA BANGLADESH WALIFIKAJE UINGEREZA?



Mashariki ya London kuna barabara inaitwa Brick Lane. Kwenye pembe yake kuna nyumba ya matofali iliyojengwa mwaka 1743. Waliijenga Waprotestanti wa Ufaransa, uzao wa wale waliokimbia wakati mufalme Louis XIV alipokataza dini yao mwaka 1685. Nyuma Wamethodisti wakasali mule, mwaka 1898 Wayuda wakaifanya sinagogi, na tangu 1976 ni musikiti. Nyumba ni ile ile, wageni tu njo wanabadilika. Wale wa musikiti wengi ni watu wa Bangladesh, na habari yao njo tunataka kueleza.

Sehemu kubwa wametoka upande mumoja wa inchi yao, Sylhet, kaskazini-mashariki. Kwa nini Sylhet? Jibu liko ndani ya masuwa. Wakati wa ukoloni Waingereza walitawala Bengal yote, na masuwa zao za moshi zilihitaji watu wa kutia makala ya mawe katika moto. Ilikuwa kazi ya kuchosha kabisa, chini kule kwenye joto, na mushahara ulikuwa mudogo kuliko wa baharia Muzungu. Watu wa Sylhet waliizoea, ndugu akamwita ndugu. Wengine walipofika bandari ya London walishuka na hawakurudi tena masuwani. Walianza kuosha sahani, wakajifunza kupika, mwisho wakafungua hoteli zao. Njo maana hoteli nyingi za chakula zinazoitwa "za Kihindi" kule Uingereza, wenyewe si Wahindi hata kidogo!

Kisha vita ya 1939-1945 viwanda vya Uingereza vilikosa wafanyakazi. Wanaume wakaja peke yao, wakiwaza kutumika miaka michache, kupata franga na kurudi kujenga nyumba. Kumbe haikuwa vile. Sheria ya kuingia ilikazwa mwaka 1962, na mwaka 1971 vita ilipigwa kwao, Bangladesh ikajitenga na Pakistan. Basi katika miaka ya 1970 na 1980 wengi wakaita wake na watoto.

Hapo chuki ikaonekana wazi. Tarehe 4 Mei 1978 Altab Ali, kijana wa kiwanda cha nguo, alichomwa kisu akitoka kazi, akafa. Siku kumi nyuma, maelfu ya watu walifuata sanduku lake kwa miguu mpaka katikati ya mji, wakidai Leta iwalinde. Tangu 1998 bustani iliyo karibu na pale alipouawa inaitwa kwa jina lake.

Lakini tukae kidogo kwa jambo la masomo, maana hilo linatugusa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mamia ya watoto wa Tower Hamlets, ndiyo komini ya Brick Lane, walibaki nyumbani sababu nafasi katika masomo hazikutosha. Fikiri: London, mji wa utajiri vile! Na aliyepata nafasi alibeba luga nyingi: Kisylheti kwa mama, Kibengali cha vitabu, Kiarabu cha Kurani, Kiingereza mbele ya mwalimu. Sisi tunaofanya mitihani kwa Kifaransa tunaelewa uzito wake. Katika mitihani walikuwa nyuma ya wengine.

Leo, kwa mitihani ya miaka 16, watoto wenye asili ya Bangladesh wanapita kipimo cha katikati cha Uingereza yote. Haikuwa muujiza. Tangu 1990 komini yenyewe ilishika masomo, franga ziliongezwa, wasaidizi wenye kusema luga ya watoto waliwekwa katika kalasi, na wazazi walikaza. Mwaka 2010 Rushanara Ali, aliyezaliwa Bangladesh na kufika London akiwa mutoto wa miaka saba, alichaguliwa kuingia Bunge kwa upande ule ule, wa kwanza kati ya watu wa asili yake.

Hesabu ya watu ya 2021 ilikuta zaidi ya 640.000 katika England na Wales. Katika Tower Hamlets, mutu mumoja kwa watatu. Hata hivyo jamaa nyingi zingali na umaskini, na diploma haileti kila mara kazi inayolingana nayo. Na kwenye hoteli, wazee wanatafuta wapishi bila kupata, maana watoto waliosoma hawataki tena kushika sufuria.